Kalenda tisa na mwezi mmoja

Kompyuta ninayofanyia kazi niliirithi kwa karani aliyenitangulia, dada mmoja aliyehamia Mpanda. Pamoja na daftari la magunia na mihuri ya kikundi, aliniachia Thunderbird, programu ya barua pepe na kalenda, yenye kalenda tisa. Sisi tunanunua dagaa mwaloni Kibirizi, Kigoma, tunaanika, tunafunga magunia na kupakia kwenye treni ya Dar es Salaam. Kalenda tisa za nini? Lakini nilikuwa mgeni, nikaziacha zilivyo, kila moja na rangi yake.

Jumatatu ya 14 Oktoba 2024 ndiyo iliyonifungua macho. Wiki moja kabla nilikuwa nimepanga kwamba siku hiyo asubuhi nitakwenda benki, nitoe fedha, niwalipe wapakiaji. Nilipoitazama tarehe kwenye mwonekano wa mwezi, kisanduku chake kilikuwa kimejaa. Jumatatu ya pili ya Oktoba ni Siku ya Columbus kule Marekani, na Kanada nao siku hiyohiyo wana Siku ya Shukrani. Juu yake kulikuwa na siku za kuzaliwa za watu nisiowajua. Kisanduku cha siku ni kidogo, na vinavyozidi hubaki chini mpaka ushuke ndani ya kisanduku kuvitazama. Huko chini kabisa ndiko ilikokuwa Siku ya Nyerere. Mimi, mtoto wa Ujiji, nimepita juu ya siku aliyofariki Baba wa Taifa kwa sababu Columbus ameikalia.

Benki ilikuwa imefungwa. Wapakiaji kumi na mmoja walikuwa getini tangu saa mbili asubuhi. Mmoja akaniambia kwa upole, “Dada, leo si sikukuu?” Upole ule uliniuma kuliko kama angefoka. Nilikwenda kukopa kwa mwenye duka la chumvi nikawapa angalau nusu.

Mchana nikakaa kwenye kompyuta na hasira zangu, nikaanza kufuta. Hapo ndipo nilipokosea vibaya zaidi. Sikuondoa kalenda, nilifuta tukio mojamoja, nikichagua na kubonyeza kitufe cha kufuta. Kalenda moja ya rangi ya machungwa haikuwa na jina, ilikuwa na anwani ya barua pepe tu, nikadhani ni mambo binafsi ya yule dada. Kumbe ndiyo kalenda ya pamoja ya kikundi, yenye tarehe zote za kusafirisha magunia hadi Desemba.

Saa moja jioni simu ikaita. Mama anayesimamia vichanja vya kuanikia: “Mwanangu, kalenda ya kwenye simu yangu imebaki nyeupe. Magunia yanaondoka lini sasa?”

Nataka hili lieleweke vizuri kwa yeyote anayetumia kompyuta ya ofisi. Kalenda unayoiona kwenye programu yako huenda haikai humo. Ya kwetu iko Google, na Thunderbird huisoma na kuiandika kwa njia iitwayo CalDAV, iliyowekwa rasmi mwaka 2007. Njia hiyo ni ya kwenda na kurudi. Ukifuta safari ya magunia kwako, inafutika kwenye seva, yaani kompyuta ya Google inakokaa kalenda, kisha kwenye simu ya kila mwenzako. Kalenda za sikukuu ulizojiunga nazo kwa kiungo cha faili la ics, yaani faili la matukio ya kalenda, ni tofauti, zenyewe huletwa tu, hazipokei kitu kutoka kwako.

Usiku ule niliingia Google kwa kivinjari, nikafungua kapu la taka la kalenda ya kikundi. Vilivyofutwa hukaa humo kama siku 30. Nilivikuta vyote, nikavirudisha. Mama akanipigia tena: “Zimerudi, mwanangu. Lala sasa.”

Kesho yake nilianza upya, taratibu. Kwanza niliipa kalenda ya machungwa jina la kikundi, ili asije karani mwingine akaidhania kama nilivyoidhania. Halafu nikazipitia nyingine. Alama ya jicho pembeni ya jina hufunga tu pazia. Kalenda imefichika lakini ipo, na vikumbusho vyake viliendelea kuniruka usoni. Ukitaka kalenda inyamaze, bofya kulia juu ya jina lake, fungua sifa zake, ondoa tiki ya vikumbusho. Humohumo kuna tiki ya kusoma tu. Hii ningeiweka kwenye kila kalenda isiyo ya kwangu kabla ya kugusa chochote, maana nayo mkono hauwezi kufuta hata ukiteleza. Na kalenda usiyoihitaji kabisa unajiondoa kwa jina zima, si tukio mojamoja. Sikukuu za Marekani, Kanada na nyingine mbili nikajiondoa hivyo, wala hakuna Mmarekani aliyepoteza kitu.

Iliyobaki ngumu ilikuwa kalenda iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta yenyewe. Humo kulikuwa na tarehe za kliniki za watoto wa yule dada, tangu wa kwanza. Hiyo ukiifuta haina seva ya kuirudisha. Nikaitoa kama faili la ics, nikamtumia kwa barua pepe, nikasubiri anijibu kwamba imefunguka, ndipo nikaifuta. Alijibu baada ya siku mbili, akaniombea dua.

Nafasi ilipopatikana nikatengeneza kalenda moja mpya, ya kijivu. Ni ya mbalamwezi. Wavuvi wetu wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukijaa, mwanga wa taa hauvuti samaki, mitumbwi hupumzika, na mnunuzi anayepanga magunia wiki hiyo anapanga hewa. Nimeweka usiku wa mwezi mpevu na siku kadhaa kila upande, nikaishirikisha kwa wenzangu kwa kusoma tu.

Ijumaa ya 15 Novemba mwezi ulijaa. Nilifungua kompyuta asubuhi, kisandukuni mlikuwa na mstari mmoja wa kijivu, na kutoka dirishani niliiona mitumbwi imepandishwa mchangani. Sikupanga gari siku hiyo.