Pingili moja, wiki kumi na saba na nusu

Kidole changu cha shahada cha mkono wa kushoto kina pingili mbili tu. Ya tatu, ile yenye kucha, niliipoteza kwenye rola ya mkanda unaosafirisha nyama kiwandani, hapa Omaha, jimbo la Nebraska, Marekani, saa tisa kasoro usiku. Nilikuwa zamu ya usafi: mabomba ya maji ya moto, povu la dawa, mvuke mpaka humwoni mwenzako aliye hatua tatu mbele yako. Mtu aliwasha mkanda akidhani tumeshamaliza. Glovu ikavutwa, nami nikavutwa nayo.

Wiki hii watu watatu wameniuliza swali lile lile: ukiumia kazini Nebraska, unaanzia wapi? Nimeona niandike kwa kirefu, maana kwenye simu nasahau mambo.

Mimi naanzia kwenye karatasi. Usiku ule supavaiza alinifunga kitambaa, akanikimbiza hospitali mwenyewe na gari lake. Simlaumu kwa hilo. Lakini alisema ripoti tutaiandika kesho, na kesho yake nikaitwa ofisini, mkono umening'inia shingoni, dawa za maumivu zimenilevya. Niliwekewa karatasi kumi na moja, zote za Kiingereza. Nilisaini zote. Nilichotaka ni kurudi kulala.

Moja kati ya zile ilikuwa Fomu namba 50. Ndugu zangu, mkisahau kila kitu nilichoandika hapa, ikumbukeni hiyo. Ndiyo fomu ya kuchagua daktari. Sheria ya Nebraska inakupa haki ya kutibiwa na daktari ambaye alishakutibu wewe kabla ya ajali, au aliyemtibu mtu wa karibu wa familia yako: mume au mke, mtoto, mzazi. Usipomtaja, mwajiri ndiye anayechagua. Mwajiri asipokuambia kabisa kwamba una haki hiyo, unaweza kuchagua daktari unayemtaka. Matibabu ya dharura ya siku ile ya kwanza hayahesabiwi kuwa umeshachagua.

Mimi sikuwa na daktari. Kwa hiyo kisanduku kilipotiwa alama kwamba kampuni ichague, niliona sawa tu. Kumbe mume wangu alikuwa na daktari wake wa presha kwa miaka minne, mama mmoja mpole anayesikiliza mpaka umalize. Angefaa kabisa. Jina lake lilikuwa kwenye kadi iliyobandikwa kwenye friji yetu, na hakuna aliyeniambia kwamba kadi ile ina maana.

Daktari wa kampuni aliniruhusu kurudi kazini baada ya siku tisa, kazi nyepesi, kukunja aproni kwa mkono mmoja. Nililipwa siku mbili tu. Nililia nikidhani nimeibiwa, lakini hapo hawakukosea: siku saba za kwanza hazilipwi, mpaka kushindwa kwako kufanya kazi kufike wiki sita au zaidi. Ndipo zile saba wanazirudisha. Malipo yenyewe ni theluthi mbili ya wastani wa mshahara wako wa wiki, wakiangalia miezi sita iliyotangulia, na yana kiwango cha juu ambacho hakivukwi. Kiwango hicho hubadilika kila mwaka mpya na mahakama hukitangaza. Kinachotumika kwako ni cha mwaka ulioumia, hata kama unalipwa miaka miwili baadaye.

Kilichonisumbua zaidi ni ncha ya kidole. Shuka likiigusa, nilihisi kama nimeshika waya wa umeme. Daktari aliitazama akiwa amesimama mlangoni, akaandika kwamba imepona. Miezi mitatu nikaishi hivyo, natia sahani sabuni huku kidole nimekiinua juu kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema.

Mtu wa kanisani kwetu ndiye aliyenitajia Mahakama ya Fidia ya Wafanyakazi ya Nebraska. Neno mahakama lilinitisha. Nilifikiri polisi. Lakini hii ni mahakama ya mambo haya tu, haina baraza la wazee wa kuamua, na kesi ikifika mbele ya jaji husikilizwa kwenye kaunti ulikoumia. Sheria yenyewe ni ya mwaka 1913 na mahakama ipo tangu 1935. Kabla ya kesi kuna usuluhishi. Nilipiga simu makao yake, mjini Lincoln, nikaomba mkalimani wa Kiswahili, nikapata. Yule dada wa upande wa pili aliniambia wazi kwamba yeye si wakili wangu na hawezi kunishauri nifanye nini. Ila alinieleza kila fomu ni ya nini, taratibu, bila kunikatiza. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amefanya hivyo tangu niumie.

Kwenye usuluhishi watu wa bima ya kampuni walikubali nibadilishe daktari. Nikaenda kwa yule mama wa presha, akanipeleka kwa mpasuaji wa mikono, akagundua kwamba mshipa wa fahamu ulikuwa umejikunja kwenye kovu. Upasuaji mdogo. Sasa nalala. Hata maili za kwenda na kurudi kliniki walinilipa, maana zinadaiwa, lakini usipoziandika hakuna atakayekukumbusha. Mimi niliziandika nyuma ya kalenda.

Na kidole kina hesabu yake. Kidole cha shahada kizima ni malipo ya wiki 35. Dole gumba ni 60, cha kati 30, cha pete 20, kidogo 15, kiganja chote 175. Ukipoteza pingili ya mwisho peke yake unahesabiwa nusu ya kidole. Kwangu basi ni wiki 17 na nusu. Nilikuwa napata dola 18 kwa saa, saa 40, yaani dola 720 kwa wiki. Theluthi mbili ni 480. Zidisha mwenyewe: dola 8,400. Nilihisi vibaya kuona kidole changu kwenye jedwali, sifichi. Lakini ningehisi vibaya zaidi kama nisingejua jedwali lipo.

Wengine wananong'ona kwamba hawana makaratasi, kwa hiyo wanyamaze. Hapana. Sheria ya hapa inamtaja mgeni kuwa mfanyakazi, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Nebraska ilisema mfanyakazi asiye na kibali anaweza kulipwa hata fidia ya ulemavu kamili wa kudumu. Asichopata ni kusomeshwa upya kazi nyingine. Hilo liliamuliwa mwaka 2005.

Ila saa inakimbia. Toa taarifa mapema kadiri uwezavyo, kwa maandishi, upige picha ya ulichoandika. Na kesi ifunguliwe ndani ya miaka miwili tangu ajali au tangu malipo ya mwisho. Kuongea na watu wa bima kila mwezi si kufungua kesi. Namjua baba mmoja aliyeambiwa "tunalishughulikia" mpaka miaka miwili ikapita. Bega lake bado halinyanyuki.

Jumamosi alikuja kwangu msichana aliyeanza kazi ya usafi mwezi huu. Nilimtolea Fomu 50 tupu, nikamuuliza daktari wake nani.

"Sina, dada. Sijawahi kuumwa tangu nije."

"Mtoto je? Chanjo alichomwa wapi?"

Alinyamaza kidogo, akafungua begi la nepi, akatoa kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne. Tukaandika jina la daktari yule, herufi moja moja, kwa kalamu nyeusi.