Bei ya Cheti cha Gari Langu la Umeme Ilipoporomoka

Tangu mwaka 2022, sheria ya Ujerumani inamruhusu mtu binafsi mwenye gari linalotumia betri pekee kuuza punguzo la hewa ukaa linalohesabiwa kuwa limetokana na gari lake, utaratibu ambao huko unaitwa THG-Quote. Mimi ninaishi Hamburg na nimekuwa nikiuza haki hiyo kila mwaka. Mwaka ule wa kwanza haikuwa ajabu kuahidiwa euro 300 au hata 400 kwa gari moja, lakini kufikia 2024 ofa nyingi nilizoziona zilikuwa chini ya euro 100. Niliona ni lazima nielewe soko hili linavyokwenda kabla ya kutia saini tena.

Kampuni zinazouza petroli na dizeli zinatakiwa kupunguza gesijoto zinazotokana na mafuta yao kwa kiwango kinachopanda mwaka hadi mwaka, kwa mfano asilimia 7 mwaka 2022 na asilimia 8 mwaka 2023, na zikishindwa hutozwa faini. Ndiyo maana zinanunua punguzo kutoka kwetu kupitia madalali, baada ya idara ya mazingira ya serikali kuu, Umweltbundesamt, kutoa cheti. Hakuna anayepima umbali ninaoendesha. Hutumika makadirio ya wastani, yapata kilowati-saa 2,000 kwa mwaka kwa gari dogo. Kwa hiyo bei haikushuka kwa sababu ya chochote kilichofanywa na wenye magari. Ilishuka kwa sababu soko lilifurika vyeti vya namna nyingine, hasa vya nishati-mimea na vya miradi ya kupunguza gesijoto kwenye visima vya mafuta nchini China, na baadhi ya vyeti hivyo vilishukiwa kuwa vya udanganyifu. Jambo hilo linanikera hadi leo, maana punguzo la karatasini lilishusha thamani ya punguzo la kweli.

Nilipoelewa hivyo, nilibadili namna ya kuchagua. Madalali hutoa ama bei maalumu isiyobadilika, ama mgawo wa mauzo unaojulikana baadaye. Soko lilipokuwa likishuka nilishika bei maalumu, hata ilipoonekana ndogo. Mwishoni mwa 2024 serikali ilizuia ziada ya vyeti kutumika kutimiza wajibu wa miaka ya 2025 na 2026; hapo niliona kuna sababu ya bei kuinuka, nikahamia kwenye mgawo wenye kima cha chini kilichoandikwa katika mkataba.

Mkataba wa miaka mingi nimeukataa kila nilipoletewa, kwa kuwa haki hii huuzwa mwaka kwa mwaka na hakuna faida ya kujifunga. Vilevile ninasoma kwa makini fedha zitalipwa lini na nini kitatokea dalali akifilisika, kwani wapo waliofilisika na kuwaacha wateja wakidai. Nakala ya kadi ya gari huituma mapema, kwa sababu maombi yanapaswa kufika Umweltbundesamt kabla ya tarehe 15 Novemba kupita, na madalali wengi hufunga milango yao siku kadhaa kabla ya hapo.