Nilivyotafuta Pesa za Chuo Nikiwa Sekondari Louisville

Nilisoma sekondari Louisville, Kentucky, katika familia iliyoingia Marekani kama wakimbizi ikitokea Kigoma. Chuo changu kinalipwa bila mkopo, na kilichonisaidia zaidi ni mpangilio wa kutafuta. Vijana wengi wa kwetu huanza na skolashipu kubwa za taifa zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, zile za kugombewa na nchi nzima, halafu FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa kulipia chuo, wanaijaza mwezi Machi wakiwa wameshachoka. Mimi nilianza na serikali kuu, nikaja jimbo, nikafuata chuo chenyewe, kisha mashirika ya hapa mjini. Za taifa niliziweka mwisho, isipokuwa chache ambazo tarehe zake huwahi.

Nianze na jimbo, kwa sababu pesa yake huanza kuhesabiwa ukiwa darasa la 9, mwaka wa kwanza wa sekondari, na watu hawajui. Kentucky ina mpango unaoitwa KEES. Hauna fomu ya maombi. Shule yako kila mwaka hupeleka GPA yako, yaani wastani wa alama zako, kwa KHEAA, shirika la jimbo linaloshughulikia misaada ya wanafunzi, na mwaka huo unapewa thamani: GPA 2.5 ni dola 125, 3.0 ni dola 250, 3.5 ni dola 375, na 4.0 ni dola 500. Miaka yote minne hujumlishwa, na jumla hiyo ndiyo unayolipwa kila mwaka ukiwa chuoni. Juu yake kuna nyongeza ya ACT, mtihani wa kuombea vyuo, inayoanza na dola 36 kwa alama 15 na kufika dola 500 kwa alama 28 na kuendelea. Ukifanya SAT, mtihani mwingine wa aina hiyo, alama zake hubadilishwa kuwa za ACT. Mwenye 4.0 miaka yote na ACT ya 28 ana dola 2,500 kwa mwaka, yaani 10,000 kwa miaka minne.

Mwaka ukiishia 2.4, mwaka huo ni sifuri na hakuna namna ya kuurudia. Ndiyo maana namsisitiza kila mdogo wangu anayeanza darasa la 9: somo moja la F msimu wa kwanza, wakati Kiingereza bado kinasumbua, lina bei yake. Ukiona linakushinda, nenda kwa mshauri wa shule wiki za mwanzo kabla alama hazijafungwa. Fungua akaunti kwenye tovuti ya KHEAA na uangalie kila majira ya joto kama GPA ya mwaka uliopita imeingia, hasa kama ulihama shule katikati. Na KEES inataka uwe raia au mkazi wa kudumu. Mkimbizi huruhusiwa kuomba Green Card baada ya mwaka mmoja nchini, kwa hiyo familia isiliahirishe jambo hilo mpaka mtoto afike darasa la 12.

Sasa FAFSA. Hii ndiyo mama wa fomu zote. Pell Grant, pesa ya serikali kuu isiyorudishwa, inapitia hapa. Kwa mwaka wa masomo 2025–26 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395. Ruzuku ya jimbo inayoitwa CAP inapitia hapa pia, nayo hutolewa kwa anayewahi mpaka fungu liishe. Hata vyuo vingi hutumia fomu hiyohiyo kugawa pesa zao. Kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba ukiwa darasa la 12, kwenye studentaid.gov, na ni bure. Jimbo na vyuo visikusubiri: jaza mwezi huohuo.

Familia zetu hazikwami kwenye hesabu. Zinakwama kwenye majina. Mwanafunzi anafungua akaunti yake, na mzazi anafungua yake, kila mmoja na barua pepe yake na nywila yake. Barua pepe moja haitumiki kwa watu wawili, kwa hiyo kama mama hana, mfungulieni kwanza na muandike nywila mahali asipopoteza, maana ataihitaji kila mwaka. Jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya Social Security (namba ambayo serikali humpa mtu kwa ajili ya kazi na kodi) hulinganishwa na kumbukumbu za Social Security, herufi kwa herufi. Sisi tuna majina matatu, na kambini yaliandikwa kwa mpangilio mmoja, shuleni kwa mwingine. Wengi tumeandikiwa tarehe 1 Januari ambayo si siku tuliyozaliwa. Nilichofanya ni kuweka mezani kadi ya Social Security, Green Card na karatasi ya matokeo ya shule, nikazisoma moja baada ya nyingine. Kwenye FAFSA linaandikwa jina lililo kwenye kadi ya Social Security, hata kama darasani wanakuita vingine. Kama shule imeandika tofauti, omba ofisi ya kumbukumbu irekebishe kabla ya Oktoba, la sivyo chuo kitapokea matokeo ya mtu mmoja na FAFSA ya mtu mwingine. Mzazi asiye na Social Security bado anaweza kufungua akaunti, na hali yake ya uhamiaji haimzuii mtoto anayestahili.

Kwenye swali la uraia, mwenye Green Card au hadhi ya ukimbizi hachagui raia, wala hachagui lile jibu la asiyestahili. Katikati kuna chaguo la mtu asiye raia anayestahili msaada. Hapo utaulizwa namba A, yaani namba yako ya uhamiaji. Kwenye Green Card imeandikwa mbele ya neno USCIS#, na ina tarakimu 9. Kama yako ina 8, tanguliza sifuri. Mkimbizi ambaye hajapata Green Card anatumia I-94, hati ya kuingia nchini, yenye maelezo ya hadhi yake. Chuo kikiomba nakala, wapelekee mara moja.

Halafu kuna kipengele cha ridhaa, ambapo mwanafunzi na mzazi wanaruhusu IRS, idara ya kodi ya serikali kuu, itume taarifa za kodi moja kwa moja kwenye fomu. Wazazi wengi huogopa hapa, na nawaelewa. Lakini bila ridhaa hiyo hakuna Pell hata senti, na hata mzazi ambaye hakuwahi kujaza ritani ya kodi anatakiwa kuitoa. Kodi inayotumika ni ya miaka miwili nyuma: kwa masomo ya 2026–27 ni ya 2024. Wazazi walioana na kujaza ritani pamoja, mmoja tu anatosha kwenye fomu. Kwenye ukubwa wa familia wahesabu wadogo zako wote, na bibi pia kama wazazi wako wanamtunza kwa zaidi ya nusu ya mahitaji yake. Nyumba mnayoishi haihesabiwi kuwa mali.

Lililo gumu kuliko yote ni la anayelelewa na shangazi, baba mdogo au kaka. Kwetu huyo ni mzazi. Kwa FAFSA si mzazi, isipokuwa amekuasili kisheria, na mapato yake hayaandikwi sehemu ya wazazi. Ukimwandika, fomu inakuwa na taarifa zisizo sahihi. Kama wazazi wote wawili walifariki, iwe kabla au baada ya wewe kutimiza miaka 13, kuna swali la yatima, na ukijibu ndiyo unahesabiwa kuwa unajitegemea. Kama wako hai lakini mlitenganishwa, jibu kwamba una hali isiyo ya kawaida: sheria inataja waziwazi hadhi ya ukimbizi kati ya mifano. Fomu itapita kwa muda, kisha ofisi ya msaada wa fedha ya chuo ndiyo itakayoamua. Waandalie barua ya shirika lililowapokea, barua ya mshauri wa shule, na maelezo yako mwenyewe ya ukurasa mmoja yenye tarehe na mahali. Anza kuziomba Septemba, kwa sababu mtu wa shirika aliyewapokea huenda ameshaacha kazi na faili lazima litafutwe.

Ukishatuma, utapata muhtasari wenye namba ya SAI, kipimo cha uwezo wa familia yako kuchangia gharama za chuo. Inaweza kushuka mpaka hasi 1,500, na kadiri ilivyo ndogo ndivyo msaada unavyokuwa mkubwa. Chuo kinaweza kukuteua kwa uhakiki na kudai karatasi zaidi. Taarifa hiyo huja kwenye barua pepe na kwenye akaunti yako ya chuo, na usipojibu faili linakaa hapohapo huku wewe ukidhani mambo yanaendelea.

Upande wa vyuo na mji, nitataja nilivyovichunguza mwenyewe. Berea College, hapahapa Kentucky, haijatoza ada ya masomo tangu 1892. Kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki. Kwa familia yenye kipato kidogo ni vigumu kupata mpango mzuri kuliko huo. Governor's Scholars Program ni mafunzo ya majira ya joto baada ya darasa la 11, ni bure, na vyuo kadhaa vya Kentucky hutoa skolashipu kwa waliopitia. Huombwa ukiwa darasa la 11, na wanaochelewa kusikia habari zake ndio hasa watoto wa wageni. Evolve502 husaidia wahitimu wa shule za umma za Jefferson County wanaokidhi vigezo kusoma miaka miwili katika chuo cha jamii bila kulipa ada. Metropolitan College hulipia ada ya University of Louisville au Jefferson Community and Technical College kwa wanaofanya kazi ya usiku UPS, kampuni ya kusafirisha vifurushi. Wazazi wetu wengi wanaijua kazi hiyo. Ni pesa halali, lakini kupakia mizigo usiku na kuingia darasa la hesabu asubuhi kunachosha vibaya. Mimi ningeitumia tu kama Pell, KEES na ruzuku ya chuo havikutosha, na nisingepanga vipindi kabla ya saa sita mchana.

Za mjini ndizo nilizopenda zaidi. Community Foundation of Louisville, makanisa, benki za ushirika, waajiri wa wazazi: kiasi ni kidogo, lakini waombaji ni wachache. Mshauri wa shule huwa na orodha, na nyingi hazitangazwi kwingine.

Za taifa, zihesabie tarehe. Gates Scholarship hufungwa katikati ya Septemba. Inataka anayestahili Pell, GPA ya 3.3, na uraia au ukazi wa kudumu. QuestBridge hufungwa mwishoni mwa Septemba, ina vyuo vikubwa vinavyolipa miaka minne yote, na majibu yake hutoka 1 Desemba. Coca-Cola Scholars huchukua vijana 150 na kuwapa dola 20,000 kila mmoja. Hatua ya kwanza haina insha, na wakimbizi wanaruhusiwa hata kabla ya Green Card. Anayekuomba ulipe ili akupatie skolashipu, au anayetaka namba ya kadi ya benki, mwache.

Insha ya Common App, fomu moja ya kuomba nafasi kwenye vyuo vingi, ina maneno 250 hadi 650, na ile moja niliikata na kuipanga upya kwa maombi mengine. Wanaosoma wameshasoma habari nyingi za kambi. Taja kambi kwa sentensi mbili, kisha onyesha unachofanya sasa. Kumtafsiria mama kliniki ni jambo lenye uzito likiandikwa kwa undani: daktari alisema nini kuhusu dozi ya insulini, wewe ulitumia neno gani kwa Kiswahili, uliuliza swali gani ili usikosee. Kwenye orodha ya shughuli kuna nafasi 10, na kila maelezo hayazidi herufi 150. Kulea wadogo, kutafsiri na kufanya kazi ya kulipwa vyote vinaingia. Andika saa kwa wiki bila kuzikuza.

Walimu wawili wa kukuandikia barua waombe Mei ya darasa la 11, ana kwa ana, kabla ya likizo. Wape karatasi moja yenye masomo uliyosoma nao, kazi uliyojivunia, na tarehe za mwisho.

Barua za msaada wa fedha zikifika, msizisome kwa kuangalia jumla ya chini. Vyuo huchanganya ruzuku, mkopo na kazi ya chuoni kwenye safu moja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi anaweza kupewa mkopo wa serikali hadi dola 5,500, na ukisoma haraka unaonekana kama zawadi. Nilichukua gharama yote ya mwaka, chakula na malazi vikiwemo, nikatoa pesa isiyorudishwa tu, na kilichobaki ndicho nilichokilinganisha kati ya chuo na chuo. Kabla ya kutia saini uliza swali moja zaidi: skolashipu za nje zinapunguza mkopo wangu kwanza, au zinapunguza ruzuku yenu? Vyuo vingine hukata ruzuku yao kwa kiasi kilekile ulichohangaikia, kwa hiyo jibu liombe kwa maandishi.

Na kama baba amepunguziwa saa za kazi baada ya mwaka wa kodi uliotumika, ofisi ya msaada wa fedha ina mamlaka ya kuangalia upya. Peleka barua fupi, hati za mshahara za miezi ya karibuni, na barua ya mwajiri. Fanya hivyo kabla ya tarehe ya kuthibitisha nafasi, ambayo kwa vyuo vingi ni 1 Mei.