Hatimaye vijitabu vya nota vinakaa wazi kwenye stendi

Kijitabu cha fidla ya kwanza kimekaa wazi mazoezi yote, bila kibanio wala mkono wa mtu kukishikilia. Wanaojalidi nota wenyewe watajua kwa nini naandika nikiwa na furaha hivi.

Tatizo lilikuwa lile lile: karatasi za A3 zimekunjwa kuwa A4, zimeshonwa sawasawa, na bado kijitabu kinajifunga chenyewe wimbo ukiwa umepamba moto. Nimeongeza mashimo, nimelegeza uzi, nimekandamiza mkunjo kwa kipande cha mfupa hadi karatasi ikang'aa. Wapi! Ukitazama mgongo kwa karibu, mkunjo ulikuwa umechanika vijiufa vidogo vidogo, na kurasa za katikati hazilali hata uzipige pasi.

Kumbe kiini ni nyuzi za karatasi. Kiwandani nyuzi nyingi hulala kufuata mwendo wa mashine, na A3 za fotokopi mara nyingi hukatwa nyuzi zikifuata upande mrefu, ule wa milimita 420. Mkunjo wetu unafuata upande wa 297. Maana yake kila karatasi inakunjwa kwa kuvunja nyuzi, nayo hupigania kurudi ilivyokuwa. Kupima ni rahisi: kata kipande cha mraba, kitie alama kuonyesha upande mrefu wa karatasi ulikotokea, lowesha uso mmoja. Kitajiviringa kama mkeka, na mviringo huo hulala sambamba na nyuzi.

Dawa ni kununua A2 ambazo nyuzi zake zinafuata upande mrefu, kisha kuzikata katikati ya huo upande mrefu. Unapata A3 mbili zenye nyuzi zinazofuata upande mfupi, yaani sambamba na mkunjo. Nilichukua za gramu 100 kwa mita ya mraba, maana za gramu 80 nota za nyuma huonekana mbele chini ya taa kali. Mkunjo wa kwanza tu nilijua mambo yamebadilika: karatasi ilitii kidole, mfupa ukamalizia.

Mshono ni wa mashimo matano, uzi wa kitani uliopakwa nta, fundo ndani. Mashimo natoboa kwa msharasi, ile sindano nene yenye mpini, kutokea ndani ya mkunjo, na siubadilishi kwa kifaa chochote cha umeme, kwa sababu mkono unahisi ncha ikitoka pasipo mahali pake. Stepla siitaki tena: pini hushika kutu na kuikata karatasi ya katikati. Spairo, yaani waya uliosokotwa unaopita kwenye mashimo ya mgongo, hufunguka vizuri kuliko vyote, nakubali, lakini hukwaruza unapogeuza ukurasa mahali pa sauti ndogo, na zikiwekwa pamoja kwenye mkoba hunasana. Mgongo wa gundi peke yake haufai kabisa kwa stendi.

Baada ya hapo nilipanga kushona majalada ya kitambaa. Sikuyagusa, kwa sababu kijitabu cha klarineti kilinivuta. Ukurasa wake wa tatu unaishia katikati ya mbio za nota, na pumziko la kutosha kugeuzia liko mistari sita mbele. Kuacha ukurasa mtupu kungesukuma kila kitu nyuma na kuharibu migeuzo mingine iliyokuwa imekaa vizuri. Nimeongeza bawa: karatasi moja iliyoungwa kwenye ukingo wa nje wa ukurasa huo kwa utepe wa kitambaa, inakunjwa kuingia ndani. Ilibidi bawa liwe jembamba kuliko ukurasa kwa milimita nne, la sivyo ukingo wake unagonga mgongo na kijitabu kinatuna. Selotepu ya kawaida isiguse hapa, hugeuka njano na gundi yake huvuja ikanatisha kurasa.

Bawa linafanya kazi. Sasa navipitia vijitabu vya ala zote upya nikitafuta migeuzo mibaya ya kurasa, na cha besi tayari kina miwili. Majalada yatasubiri.