Nilivyopewa kazi ya kumpa jina mtoto wa kaka yangu, mpaka tukafika kwa Dhruv

Kwetu Wagujarati wa dini ya Kihindu mtoto hapewi jina na baba wala mama, anapewa na shangazi yake, yani dada wa baba, tunamuita foi. Waswahili wakisikia hii wanacheka wanasema kumbe hata kwenu shangazi ndo mwenye mtoto, ndio, ila ni kwa siku moja tu, na ukichagua vibaya utasutwa mpaka mtoto aoe. Mwaka jana kaka alipata mtoto wake wa kwanza wa kiume hapa Dar, na dada ni mimi peke yangu, kwahiyo hapakuwa na pa kukimbilia. Nilijua tangu siku wanaoana kwamba hii kazi itaniangukia na bado sikujiandaa hata kidogo, nilikuwa najiambia si jina tu jamani.

Siyo jina tu. Linaanza na mwezi, na siyo mwezi wa kalenda, huu wa angani. Unaangalia mtoto anazaliwa mwezi uko kwenye nyota gani (zilezile 12 mnazosoma magazetini, Kondoo, Ng'ombe, Mapacha, sisi tunaita rashi, ila kwetu inahesabiwa kwa mwezi na siyo jua, kwahiyo usishangae nyota yako ya gazetini ikiwa tofauti). Mwezi unakaa kwenye rashi moja siku mbili na kidogo afu unahamia nyingine, na kila rashi ina herufi zake za kuanzia jina. Ili ujue unataka vitu vitatu, tarehe, mji na saa.

Saa ndo ilituponza. Kaka kwa furaha aliyokuwa nayo akaandika kwenye grupu la familia la WhatsApp kwamba mtoto kazaliwa 4:40 usiku. Mtu yeyote wa Dar anaelewa hapo, saa nne na dakika arobaini, watu wanaenda kulala. Ndugu zetu wa Rajkot, kule Gujarat India, wao wakaelewa alfajiri, saa ambayo sisi tungesema saa kumi na dakika arobaini. Tofauti ya saa kumi na nane! Wakapiga hesabu yao wakaona mwezi uko kwenye Nge, herufi ni N na Y, na kabla hata sijanywa chai ya asubuhi listi ya majina kumi na tano ishaingia kwenye simu, Neel, Naitik, Yash, Yug, Nirav, huku mama mdogo mmoja ameshamtumia rafiki zake Yash kazaliwa Afrika. Mimi nikaanza kuyapenda kabisa, hasa Neel.

Aliyetuokoa ni maharaj, yani kuhani, wa mandir (hekalu) moja ya Mtaa wa Kisutu, mzee amekaa Dar miaka na miaka. Nilimpelekea tarehe na saa kwenye karatasi, akaivua miwani akaniuliza swali moja tu, "Ben, hii ni saa ya Kiswahili au ya Kizungu?" (ben ni dada). Nikapiga simu kwa kaka, kaka akaenda kutoa kadi ya hospitali, imeandikwa 22:40. Maharaj akafungua kitabu chake cha nyota akasema basi mwezi ulishatoka kwenye Nge mchana, mtoto ni wa Mshale, rashi ya Dhan, herufi zake ni Bh, Dh na F. Kwaheri Neel. Rajkot walinuna kama siku mbili hivi.

Sasa hapo nikarudi kwa bhabhi, yani wifi yangu, na kumbe yeye jina alikuwa nalo kichwani tangu mimba ya miezi mitano, Aarav. Kama humjui Aarav basi hujaenda kwenye shughuli za Wahindu miaka ya karibuni, ukiita jina hilo moja wanageuka watoto watatu. Akshay Kumar muigizaji ana mtoto anaitwa hivyo, kazaliwa 2002, na kuanzia hapo likaenea kama fasheni ya viatu. Bhabhi akaniambia rashi si lazima, na kweli si lazima, familia kibao siku hizi hawaangalii, wengine wanampa mtoto jina la rashi la kufanyia ibada na jina lingine la kuitwa. Akasema jina lina maana nzuri, amani na utulivu, akanionesha kwenye simu tovuti tano zote zimeandika amani na utulivu.

Mi nina tabia moja mbaya, kitu kikiandikwa sawasawa mahali pengi namna hiyo nahisi mmoja kaandika wengine wamenakili. Usiku nikaenda kwenye kamusi ya Kisanskriti ya Monier-Williams, ya 1899, ipo bure mtandaoni, nikatafuta ārava. Kilio, mlio, kishindo, kelele. Nikasoma mara mbili. Afu nikakumbuka yule Nirav wa listi ya Rajkot, huyo maana yake ni bila sauti, kimya, nir na rav, nir ni bila na rav ni sauti. Kwahiyo mwenye utulivu alikuwa Nirav kumbe, na Aarav ndo makelele yenyewe! Asubuhi nikamwambia bhabhi taratibu maana bado alikuwa mzazi, sikutaka kumkwaza. Akakaa kimya akimuangalia mtoto, afu akasema, "Yani mimi nilitaka kumuita mwanangu Makelele?" Tukacheka mpaka Ba, bibi yetu, akaja kuuliza kuna nini. Sitaki wenye watoto wa jina hilo wanichukie, jina linasikika vizuri na mtoto mwenyewe hajui kamusi, ila ukiambiwa maana ya jina nenda kaangalie mzizi wake, tovuti za majina zinauza utamu.

Basi tukabaki na Bh, Dh na F. Nikaandika Bhavin, Bhargav, Dhaval, Dhairya, Dhyan, Dhruv, Falgun, nikaanza kuyajaribu kwa watu, kwasababu huyu mtoto haishi Gujarat, atasoma hapa, atapanda bajaji hapa, ataitwa dirishani na watu wa hapa. Hilo walisahau sana wazee wetu. Wenye jina la Kumar waulizeni shule ya msingi walipitia nini, mi sielezi zaidi. Nikawa nauliza yeyote, hebu soma hapa. Dhaval akawa Davali, sawa. Dhyan kwa muuza madafu ikawa Diani, akaniuliza ni ile ya Kenya yenye bichi? Bhargav kila mtu alikwama njiani. Na Dhruv, dada anayetusaidia nyumbani akaitazama, akatabasamu, akasema "Zuruvu".

Hapo kuna jambo la dh ambalo nilikuwa sijawahi kulifikiria mpaka siku ile. Kwenye Kiswahili dh ni ya dhahabu na dhambi, ulimi kwenye meno, na Watanzania wengi wanaifanya z, zahabu, zambi. Kwetu dh ni d ya kawaida unaisukuma na pumzi kama vile unapuliza mshumaa. Herufi zilezile mbili, midomo tofauti kabisa. Nilitaka kulifuta jina kwa sababu hiyo tu.

Aliyelirudisha ni Ba, yuko jikoni anasukuma rotli, chapati zetu nyembamba, mi nakaanga zangu samosa za wageni. Nikamwambia Ba nataka kufuta Dhruv. Akasema hadithi yake unaijua? Naijua nusunusu, nikamwacha aseme. Mfalme Uttanapad alikuwa na wake wawili, Suniti na Suruchi, na kipenzi chake ni Suruchi. Siku moja Dhruv mtoto wa Suniti, ana miaka mitano tu, akataka kupanda mapajani kwa baba yake ambapo mdogo wake Uttam amekaa, Suruchi akamkatalia, akamwambia ungetaka kukaa hapo ungezaliwa na mimi. Mtoto akaenda kulia kwa mama yake, mama hana la kufanya, akamwambia mwombe Mungu. Akaondoka kwenda msituni peke yake. Njiani akakutana na Narad, yule mjuzi wa miungu, Narad akajaribu kumrudisha nyumbani akashindwa, basi akamfundisha namna ya kuomba, na Dhruv akaenda kukaa Madhuvan ukingoni mwa mto Yamuna, akaomba mpaka Vishnu mwenyewe akaja, akampa mahali ambapo hakuna mtu atamuondoa tena, juu kabisa, nyota ya kaskazini ambayo nyota zote zinaizunguka na yenyewe imetulia. Ndo maana neno lenyewe dhruv kwenye Kisanskriti ni kitu kilichokaa imara, kisichotikisika, na ni la zamani kuliko hata hadithi, limo ndani ya Rigveda, wanamwombea mfalme asimame imara kama ardhi na mbingu. Na kwenye harusi zetu bwana harusi anamuonesha bibi harusi hiyo nyota.

Nikasema Ba lakini si jina la huzuni hilo, mtoto kasukumwa na mama wa kambo. Ba hakuacha kusukuma rotli. "Na Uttam je, aliyekaa mapajani, nani anamkumbuka?"

Basi. Hapo nikajua nimepata jina, samosa ziliungua mbili.

Kuhusu umaarufu, ni jina ambalo halikupanda kwa muigizaji wala halijafa, lipo tu wakati wote. Baba yangu ana marafiki Dhruv, na kwenye kriketi sasa hivi yupo Dhruv Jurel mdaka mipira wa India, ambaye mechi yake ya kwanza ya Test alicheza Rajkot kwetu kule, Februari 2024 dhidi ya Uingereza, na YouTube yupo Dhruv Rathee. Mpaka helikopta ya jeshi la India inaitwa Dhruv, na kinu cha nyuklia pale Trombay, Mumbai, kilichowashwa 1985, kinaitwa Dhruva. Kaka yeye hadithi ya Ba haikumgusa sana, iliyomgusa ni helikopta.

Ila kaka huyohuyo ndo akanitibulia. Jioni tuko nje kibarazani akasema ben, hii nyota tutamuonesha wapi mtoto? Nikamwambia si hapo kaskazini. Akaanza kucheka. Nikafungua programu ya nyota kwenye simu nikaielekeza kaskazini, nikaishusha, nikaishusha, nyota ikaja kuonekana chini ya ukuta wa jirani, yani chini ya ardhi. Dar iko kusini ya ikweta kama nyuzi saba, nyota ya kaskazini huku haichomozi kabisa, siyo leo siyo kesho. Gujarat inasimama nyuzi ishirini na kitu juu, unaiona kila usiku. Nikawafikiria wale wa zamani waliokuja na majahazi kutoka bandari ya Mandvi, Gujarat, kufuata upepo wa kaskazi, kila usiku wanaiona inashuka kidogo, inashuka, mpaka wanafika Unguja haipo, na bado majina waliyaleta. Kaka akaongezea kwamba hata nyota yenyewe inahama, mhimili wa dunia unayumba taratibu mzunguko mmoja kama miaka 26,000, zamani iliyokaa pale ilikuwa nyota nyingine. Nikamwambia bhai nenda kalale.

Shughuli tulifanya Jumapili nyumbani. Majani ya mti wa pipal niliyafuata mandir asubuhi na mapema, yale yana umbo la moyo na mkia mrefu kwa chini, nikayaloanisha kwenye kitambaa yasinyauke na foleni. Unatandika kitambaa, sisi tulitumia sari ya hariri ya Ba, unaweka majani, popoo na sarafu, mtoto anawekwa katikati, watoto wanne wanashika pembe nne wanambembeza, na foi anaimba:

"Oli joli pipal paan, foie padyu Dhruv naam."

Maana yake kwa haraka ni bembea na jani la pipal, shangazi kampa jina Dhruv. Ni mstari mmoja tu, na nilikuwa nimeufanyia mazoezi bafuni wiki nzima, lakini mtoto wa jirani aliyeshika pembe ya upande wangu mkono ulimtoka jasho, pembe ikaanza kushuka, nikawa naimba huku nimeishika kwa mkono wa kushoto na simu ya Rajkot ya video iko mkono wa kulia, na wao sauti inawafikia kwa kuchelewa, kwahiyo mama mdogo aliyekuwa anataka Yash akasikia jina mwisho kuliko watu wote. Akauliza, "Shu? Drum?" yani nini, ngoma?

Cheti cha kuzaliwa nacho kilikuwa na mambo yake. Kijana aliyepokea fomu akaitazama, akaniambia mama hapa umesahau herufi, irabu ziko wapi? Herufi tano irabu moja, nikamwambia ndo jina lilivyo, akalisoma tena kwa sauti, akaita mwenzake naye aje asome. Wakaliandika sawa, hilo nawashukuru. Kadi ya kliniki ndo imeandikwa Dhuruvu, nimeambiwa niende kuirekebisha na sijaenda, na dada wa nyumbani ameachana na Zuruvu siku nyingi, anamuita Duru, na akiitwa Duru ndo anageuka.