Saa ya Kwanza ya Siku

Mwaka huu nimeshikilia mambo machache ambayo naamini ndiyo yanayonisimamisha: kulala mapema, swala kwa wakati wake, na hisa za kila wiki katika kikundi chetu cha VICOBA, ambako fedha huhesabiwa mbele ya wanachama wote kabla sanduku halijafungwa kwa kufuli tatu, kila moja na mshika ufunguo wake. Akiba hiyo imenipa utulivu ambao mshahara peke yake haukunipa.

Lakini ninachokithamini zaidi ni saa ya kwanza baada ya alfajiri, ambayo simu hubaki kabatini nami hukaa jikoni na mama. Uji wa ulezi hautaki haraka. Unga huvurugwa kwanza kwa maji ya baridi, kisha humiminwa katika maji yanayochemka huku mwiko ukizunguka bila kusita, la sivyo hufanya madonge. Hapo ndipo mama husimulia Pangani ya ujana wake, mashamba ya mkonge na majahazi ya nazi, nami humsikiliza hadi mwisho. Jumapili ataanza habari za harusi yake, na wadogo zangu wameomba wawepo.