"Anafanya ulichomfundisha"

Leo siku ya nne na maneno ya yule mzee anayekata kwato za farasi bado yamenikaa kooni. Nimeosha nayo vyombo, nimelala nayo, juzi kwenye kikao bosi anatutangazia kwamba idara yetu inavunjwa tunagawanywa huku na huku, mimi nasikia sauti ya mzee tu. Ngoja niyaandike labda yatashuka.

Mnaofuatilia mnajua Shwari, farasi niliyemnunua, yuko kwenye wiki yake ya tatu hapa. Zile siku tatu za mwanzo nilishawasimulia, alivyokuwa anatembea na uzio huku na huku akiita, shingo juu, masikio yote mawili yameelekea ile njia gari lililomleta liliondokea. Sasa anaita asubuhi tu. Chakula bado tunamchanganyia, majani aliyozoea alikotoka na haya ya kwetu, kidogo kidogo, maana farasi hawezi kutapika, kikishaingia ndo kimeingia, na tumbo likimkaza vibaya linaweza kumuua. Kila nikifika bandani naangalia mavi kwanza halafu ndoo ya maji, ndo namsalimia.

Shida ni mguu wa nyuma wa kushoto. Ya mbele yote anakupa bila neno, wa kulia nyuma anafikiria kidogo halafu anatoa. Huu wa kushoto mkono ukishapita paja tu anaunyanyua na kuuvuta kwa nguvu, na mimi naachia, narudi nyuma, maana teke la farasi linavunja mfupa. Halafu namfuata shingoni nampapasa, "basi baba, basi, yameisha," akitulia naanza upya. Wiki mbili nzima hivyo. Na kwato haziwezi kusubiri, zinatakiwa zikatwe kila wiki 6 mpaka 8 hivi na zake zilikuwa zimeshapitiliza kabla sijamnunua, ikabidi nimwite mzee.

Kaja Jumanne. Mwanangu mkubwa kashika kamba. Mzee akamwendea Shwari begani, akaweka kiganja, akakiburuza mgongoni mpaka kiunoni bila kukitoa, maana nyuma ya mkia pale farasi haoni kitu, ule mkono ndo unamwambia niko wapi. Akashuka na mguu. Shwari akauvuta kama anavyofanya kwangu, mzee akaenda nao tu, mkono umeganda palepale, mguu ukaenda mbele ukarudi, ukatulia. Ulipotulia akaushusha mwenyewe chini taratibu. Akauomba tena, akapewa.

Nikasema, "Mzee, mimi huo ananikatalia wiki ya pili sasa."

Hata kichwa hakuinua. "Hajakataa mama. Anafanya ulichomfundisha."

"Mimi? Mbona sijamfundisha kitu bado."

"Umemfundisha. Akivuta, unaachia."

Basi, akaendelea kukata. Kamaliza miguu yote minne, kanawa, kaondoka, na mimi nimesimama na taulo mkononi.

Usiku ule nilikasirika kweli. Nikawa namjibu kichwani, kwamba wewe mzee miaka yote uko chini ya farasi, mikono yako chuma, mimi ndo wangu wa kwanza, kwamba naamka alfajiri kila siku kwa ajili yake, kwamba hakuna hata siku moja nimempigia kelele. Nikairudia ile "umemfundisha" kwa sauti ya dharau, halafu kwa sauti ya upole, halafu ile aliyoisema kweli, ambayo haikuwa hata na hasira. Jumatano nikampigia dada nimsimulie, nikaeleza yote, akanyamaza kidogo akauliza, "Lakini kasema uongo?"

Hakusema uongo. Na kinachoniuma zaidi nilikuwa nalijua hilo jambo. Nilishasoma na kuambiwa kabla hata sijamnunua: farasi hajifunzi pale unapomsukuma, anajifunza pale unapoacha kumsukuma, kile alichokuwa anafanya sekunde ileile ndo anachobeba. Sasa mimi nilikuwa naacha lini? Akivuta. Halafu juu yake anapapaswa shingo na kuitwa baba. Angeona nini tofauti?

Nikawa nimekaa kitandani nimeshika simu na hapo ndipo kitu kikageuka, sijui niseme vipi, hasira ikaondoka yote. Wiki mbili hizi mimi nikidhani mnyama hanitaki, kumbe alikuwa ananisikiliza. Katoka kwa wenzake, kaletwa kwa watu asiowajua, na bado anachukua kila ninachompa na kukirudisha vilevile. Nililia kidogo.

Alhamisi jioni nikaenda na mwanangu. Sikuomba mguu. Mkono begani, mgongoni, kiunoni, nikashuka mpaka katikati ya paja nikangoja. Alipohamisha uzito kwenda mguu wa pili nikatoa mkono palepale. Mara sita au saba hivyo. Ya nane akaning'iniza ncha ya kwato, nikamshukuru tukaishia hapo. Jana kaunyanyua, kauvuta, nikaenda nao, moyo unanidunda mpaka masikioni, mkono sijatoa. Ukatulia. Labda sekunde tatu. Nikaushusha mimi. Akashusha kichwa, akapumua puani ile pumzi ndefu ya kukoroma, akawa anatafunatafuna mdomo mtupu. Mwanangu akanong'ona "mama umeona?" Nimeona.

Leo asubuhi kavuta mara mbili ndo katulia, kwa hiyo bado. Na kumpanda hatujafika kabisa, akisikia mkanda wa tandiko unakaza tumboni analaza masikio nyuma, nataka daktari amwangalie mgongo kwanza kabla sijasema ni tabia.

Ningeandika mengine ila kichwa hakijatulia. Mama kanipigia jana saa nne usiku. Nikauliza kuna nini, akasema hakuna, alitaka tu kusikia sauti yangu. Mama saa mbili huwa ameshalala. Nimempigia tangu asubuhi, inaita tu.